Dhahabu ya California ilipita mikononi mwa nani?

Swali la leo limetoka kwa mwalimu wa historia aliyeko Kahama. Ameandika hivi: “Mdogo wangu aliacha chuo akafuata rashi ya dhahabu, yaani kukimbilia kule inakosemekana imeonekana, huu mwaka wa tatu hajarudi. Nikawa nasoma juu ya California ya mwaka 1849 nipate cha kuwafundisha wanafunzi. Kila mahali natajiwa idadi ya watu na thamani ya dhahabu, lakini sielezwi yule mtu wa kawaida aliishije. Je, walitajirika kweli? Na walipoona mambo magumu, kwa nini hawakurudi kwao?”

Mwalimu, pole kwa kumngoja mdogo wako. Nitakujibu kwa urefu, maana swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza, na halijibiki bila la kwanza.

Kwanza niondoe dhana moja. Watu hudhani wengi walichimba wakaambulia patupu kwa sababu dhahabu haikuwepo. Ilikuwepo. Mchimbaji wa kawaida aliipata karibu kila siku aliyofanya kazi. Akabaki maskini kwa sababu dhahabu ile haikukaa kwake. Ilipita mikononi mwake ikaenda kwa mwenye duka, mwenye nyumbu, mwenye meli na mtoza kodi.

Tarehe 24 Januari 1848, fundi James Marshall alikuwa anakagua mfereji wa kinu cha kupasulia mbao alichokuwa akimjengea John Sutter pale Coloma, kando ya mto American. Akaona vipande vinang'aa ndani ya maji. Siku tisa baadaye Mexico ikatia saini mkataba wa kuiachia Marekani California, bila waliosaini kujua kilichookotwa mtoni. Sutter alitaka habari isitoke, ikatoka. Mwezi Mei mfanyabiashara Sam Brannan alipita mitaa ya San Francisco na kichupa cha dhahabu mkononi, akipaza sauti kwamba imepatikana mto American. Kabla ya siku hiyo alikuwa amekwisha kujaza mabeleshi na makarai kwenye duka lake, na duka lenyewe lilikuwa upande wa kuelekea machimbo. Hutajwa kuwa milionea wa kwanza wa California, na utajiri wake haukutoka kwenye karai.

Waliofaidi ni waliokuwa karibu mwaka ule wa 1848: wakazi wa California wenyewe, Wamexico, watu wa Oregon na wa Hawaii, na wenyeji asilia wa mabonde yale. Mchimbaji aliweza kupata dola 20 kwa siku wakati kibarua wa mashariki ya Marekani alilipwa dola moja hivi. Lakini Rais James Polk alilithibitishia Bunge habari hizo Desemba 1848, na kundi kubwa likaanza safari mwaka 1849. Mwaka huo peke yake waliingia watu zaidi ya 80,000. Kadiri walivyoongezeka, pato la siku likashuka: dola 10 hivi mwaka 1850, dola 6 mwaka 1852, dola 3 ilipofika 1856. Na angalia jambo hili, Mwalimu: mwaka 1852 ndio California ilitoa dhahabu nyingi kuliko mwaka mwingine wowote wa rashi ile, ya thamani ya dola milioni 81 hivi. Nchi inavunja rekodi, na mtu wa beleshi anazidi kupungukiwa. Wanafunzi wako wakiishika hesabu hiyo moja, wameshika mengi.

Kufika nako kulikuwa na bei. Kwa meli kuzunguka Rasi ya Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, ilichukua miezi mitano hadi minane. Kwa njia ya Panama ulipanda mtumbwi kwenye mto Chagres, kisha nyumbu msituni, kisha ukangoja meli majuma kadhaa upande wa pili huku homa ikichagua watu. Kwa nchi kavu kutoka Missouri ni kama kilomita 3,200, miezi mitano au sita nyuma ya maksai. Watu waliwaogopa wenyeji asilia wa njiani, wakabeba bunduki tele, na bunduki hizo zikawaua wenyewe kwa ajali. Kilichowamaliza hasa ni kipindupindu, waliosafiri nacho kwenye maji yao ya kunywa. Karibu na mwisho kulikuwa na jangwa, pale mto Humboldt unapozama mchangani, kilomita zaidi ya sitini bila maji ya kunyweka. Waliolipita walieleza magari ya kukokotwa yaliyotelekezwa na mizoga ya maksai iliyofuatana njia nzima.

Gharama yote hiyo ilifika dola mia kadhaa kwa mtu mmoja, karibu mshahara wa mwaka. Kijana wa shambani hakuwa nazo. Aliweka shamba la baba yake rehani, au alikopa kwa shemeji, au wanakijiji walichanga wakaunda kampuni ya kumpeleka kwa makubaliano ya kugawana kitakachopatikana. Lishike hili la deni, tutalirudia.

Sasa tuingie mtoni. Chukua siku moja ya kiangazi, mwaka 1850. Wanaume watatu wamechanganya nguvu, kwa sababu mmoja peke yake, hata awe na mkono mwepesi vipi, huosha karai hamsini hivi kutwa nzima. Wana kisanduku cha mbao kilichokaa juu ya magongo mawili yaliyopinda, kinachobembezwa kama susu ya mtoto. Na wao wenyewe walikiita hivyo, susu. Juu kina bati lenye matundu. Wa kwanza anachimba kwa sururu, wa pili anabeba changarawe kwa ndoo, wa tatu anamwaga maji kwa mkono mmoja na kubembeza kwa mwingine. Mawe yanabaki juu ya bati, tope linatoka mbele, dhahabu kwa uzito wake inakwama nyuma ya vijiti vilivyopigiliwa chini. Vijana wa huko kwenu wakioneshwa picha yake wataona mwalo mdogo, ule wa kuoshea dhahabu, bila kuelezwa. Maji yametoka kwenye theluji ya milima ya Sierra Nevada. Miguu imo ndani ya baridi ile tangu asubuhi, na jua liko utosini. Jioni wanaosha masalia kwa karai, wanakausha mchanga mweusi juu ya moto, wanaupuliza kwa mdomo taratibu mpaka ibaki dhahabu tupu. Wakia mbili, siku ikiwa njema. Dukani kambini wakia moja hupokelewa kwa dola 16. Kila mmoja ana dola kumi na ushei.

Kibarua wa kwao angezifanyia kazi siku kumi. Lakini kwao yai halikuuzwa dola nzima, na kambini liliuzwa hivyo, pengine zaidi. Unga, maharage, nyama ya nguruwe ya chumvi, kahawa na viatu vilipanda mlima juu ya mgongo wa nyumbu, na kila kilima kiliongeza bei. Mwenye kilabu hakupima kinywaji kwa mizani. Alitia vidole viwili kwenye mfuko wa mteja akachota, na chote hicho kikahesabiwa dola moja. Mwenye vidole vinene alifaidi.

Halafu kuna siku zisizoandikwa kwenye hesabu. Jumapili ni ya kufua na kushona. Siku za kuharisha damu. Majuma ya kuhama kutoka korongo moja hadi jingine kwa sababu ya uvumi wa kitalu kipya. Miezi ya mvua ambapo mto umefurika hakuna wa kuusogelea, nyumbu hawapandi kwa tope, na bei ya unga inaruka juu zaidi. Dola kumi zilikuwa za siku ya kazi. Tumbo lilikula kila siku. Na kwa kula nyama ya chumvi na mkate miezi mfululizo bila jani wala tunda, fizi zilitoka damu, miguu ikavimba ikawa myeusi. Ni kiseyeye, maradhi ya mabaharia, yakiwaua watu nchi kavu. Katika mji wa Sonora, huko huko California, wakazi walianzisha hospitali kwa ajili ya wagonjwa wake.

Nataka sasa nikuoneshe mtu mmoja kwa karibu, kwa sababu ndiye alinifanya nielewe pesa ilikaa wapi. Luzena Stanley Wilson alivuka bara mwaka 1849 na mumewe na watoto wawili wadogo. Jioni moja, wakikaribia Sacramento, alikuwa anapika motoni. Mchimbaji mmoja akavutwa na harufu, akamwomba amuuzie mkate kwa dola tano. Mama wa watu akaduwaa kwa bei ile. Yule bwana akadhani amekataa, akapandisha hadi kumi, akamwekea sarafu ya dhahabu mkononi. Alisema anataka tu mkate uliopikwa na mwanamke.

Kumbuka kwamba katika sensa ya 1850 wanawake California hawakufika mmoja katika kila watu kumi. Luzena aliiona nafasi. Waliuza maksai wao wakanunua hisa katika hoteli ya Sacramento. Januari 1850 mto ukafurika ukaichukua mali yao. Wakapanda Nevada City, mji wa machimbo huko huko California. Mumewe alipotoka kutafuta mbao za kuezekea, yeye alisimika magogo, akalaza mbao juu yake ikawa meza, akanunua chakula duka la jirani. Mume aliporudi usiku alikuta wachimbaji ishirini wanakula, na kila aliyeinuka aliweka dola moja mkononi mwa mkewe. Kwetu tungemwita mama ntilie, na si jina dogo: ndani ya miezi michache alikuwa na wateja wengi wa kula na kulala, na anakopesha wengine kwa riba. Machi 1851 mji ukaungua. Wakatoka na walichovaa na fedha kidogo mfukoni, wakaenda kuanza upya bondeni kwa kukata majani na kupikia wapita njia. Mara mbili alipata, mara mbili akapoteza, akasimama ya tatu. Kazi ya kupika ilikuwa naye kila alipokwenda. Mchimbaji kitalu chake kikiisha alikuwa hana kitu.

Nimeeleza mpaka hapa kana kwamba wote waliokuwa mtoni walikuwa na haki sawa ya kujaribu. Hawakuwa. Wamexico kutoka jimbo la Sonora huko Mexico na watu wa Chile walikuwa mafundi. Wengi wa Wamarekani walijifunza kuchimba kwa kuwatazama wao. Mwaka 1850 California ikatunga kodi ya dola 20 kwa mwezi kwa mchimbaji mgeni. Hesabu mwenyewe: ni pato la siku mbili nzuri kabla hujala. Maelfu wakafunga mizigo wakaondoka, na wenye maduka wakalalamika kwamba wateja wamefukuzwa, kodi ikafutwa mwaka uliofuata. Ikarudishwa 1852 kwa dola tatu, kisha nne, na safari hii ikawaangukia Wachina.

Mwaka huo wa 1852 walifika Wachina 20,000 hivi, wengi wao wakulima wa Guangdong waliokopeshwa nauli. California waliiita Gam Saan, Mlima wa Dhahabu. Walizuiwa maeneo mazuri, wakachukua vitalu vilivyoachwa, wakaosha upya marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa na wenzao, kwa subira mpaka yakatoa tena. Hilo nalo likawachukiza waliowatangulia. Mwaka 1854 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba ushahidi wa Mchina haupokelewi dhidi ya mzungu, na mtu aliyekwisha kutiwa hatiani kwa kumuua mchimbaji wa Kichina akapona. Tangu hapo aliyetaka kumnyang'anya Mchina kilichokuwa ndani ya mfuko wake alihitaji tu kuhakikisha hakuna mzungu anayetazama.

Wenyeji asilia ndio sehemu ninayoiandika kwa uchungu. Kiangazi cha 1848 Kanali Richard Mason, gavana wa kijeshi wa California, alikagua machimbo akakadiria wachimbaji 4,000, zaidi ya nusu yao wenyeji. Walikuwa wachimbaji kabla ya umati kufika. Miaka miwili baadaye sheria ya California iliruhusu mwenyeji akamatwe kwa uzururaji na kazi yake ikodishwe kwa mwingine, na watoto wao wawekwe chini ya wazungu kama wanafunzi wa kazi, jambo lililofungua mlango wa kuwateka. Tope la machimbo liliharibu mito ya samaki, mifugo ikala mbegu, mialoni waliyotegemea punje zake ikakatwa. Jimbo lililipa wanamgambo waliokwenda kuwaua vijijini, na mwaka 1851 gavana Peter Burnett alitamka hadharani kwamba vita vitaendelea mpaka kabila hilo litoweke. Wenyeji 150,000 hivi mwaka 1848 walibaki 30,000 hivi mwaka 1870. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule mgeni alikuja, mwenyeji akafa. Ni mwaka 2019 tu ambapo gavana wa California aliomba radhi na kuyaita yale mauaji ya kimbari. Ukifundisha 1849 bila hili, Mwalimu, hujafundisha.

Kuna pia Alvin Coffey. Alikuwa mtumwa huko Missouri, akaletwa California na bwana wake mwaka 1849, akamwacha nyuma mkewe Mahala na watoto. Aliendesha maksai njia yote ile. Mchana alimchimbia bwana wake dhahabu ya dola 5,000 hivi. Usiku alijifanyia vibarua, akajiwekea zaidi ya dola 600 za kununulia uhuru wake. Waliporudi Missouri bwana alichukua zote, zake na za Coffey, kisha akamuuza. Coffey akampata bwana mpya, wakapatana bei ya dola 1,000, akarudi tena California, akachimba, akailipa, akapewa karatasi yake ya uhuru. Hakuishia hapo. Akaendelea kufanya kazi mpaka akamkomboa Mahala na watoto, wakaja kuishi kaskazini mwa California, ambako alifariki mwaka 1902. Unaniuliza nani alifaulu. Mimi ningemweka huyu wa kwanza, kwa kile alichokinunua kwa dhahabu yake.

Sasa sehemu ya pili. Kwa nini hawakurudi?

Walio wengi walirudi au walitamani kurudi. Lakini deni lilikuwa linawasubiri. Mtu aliyeweka shamba la baba yake rehani hawezi kushuka melini na dola themanini. Na nauli ya kurudi nayo ilikuwa dhahabu: aliyekuwa na akiba ya dola mia mbili alijua zitaishia baharini, afike kwao mikono mitupu, wakati zikibaki huku zinaweza kumpeleka korongo jingine. Hivyo akajisemea kiangazi kimoja tu. Barua zao zimejaa kiangazi kimoja tu, na mwandishi ni yule yule, miaka mitatu mfululizo.

Aibu ilikuwa nzito kuliko deni. Magazeti ya nyumbani yaliandika juu ya aliyeokota pande kubwa la dhahabu, hayakuandika juu ya waliokaa naye kambi moja. Kijana alijua kwao wanamhesabu tajiri. Walikuwa na msemo wao, kumwona tembo, kutokana na hadithi ya mkulima aliyetamani sana kumwona tembo wa maonyesho, akapata hasara njiani, akasema si kitu, nimemwona. Anayegeuza gari lake katikati ya safari aliandika kwao kwamba amemwona tembo. Kwa neno hilo alikiri kushindwa bila kulazimika kueleza.

Na mto nao ulikuwa na hila, ambayo nadhani wachimbaji wa Kahama wanaijua kuliko mimi: haukumnyima mtu kabisa. Ulimpa kidogo leo, kidogo kesho, na siku moja moja ukampa jirani yake kingi mbele ya macho yake. Angekosa kabisa angeondoka mapema.

Baadaye hata uhuru ule wa kujaribu ukaisha. Dhahabu ya juu ilipokwisha zikahitajika kampuni zenye mtaji, mifereji mirefu, na kuanzia 1853 mabomba ya maji ya kuangusha vilima vizima, na zebaki kwa wingi ya kukamatia vumbi la dhahabu. Yule aliyekuja kuwa bwana wa nafsi yake akawa kibarua wa dola tatu. Wengine wakakimbilia rashi nyingine, mto Fraser mwaka 1858, Nevada mwaka 1859. Wengine wakalima bondeni, na tope la mabomba likawafuata mashambani hadi mahakama ilipolizuia mwaka 1884. Zebaki ile ingali kwenye mito, na hadi leo wavuvi wa huko hushauriwa kupunguza kula baadhi ya samaki.

Umeniuliza waliishije, na nimeacha kitu kimoja ambacho ningependa uwasomee wanafunzi. Barua kutoka New York kupitia Panama ilichukua mwezi au zaidi. Meli ya barua ilipoingia San Francisco wanaume walishuka kutoka milimani wakapanga foleni mbele ya posta, mvua inyeshe wasiondoke, wengine wakalala pale pale usiku kucha wasipoteze nafasi. Wapo waliopanga foleni bila kungoja barua yoyote, wakaiuza nafasi yao kwa aliyechelewa, kwa dola kadhaa. Na waliochelewa walinunua. Mtu aliyebishania bei ya maharage jana yake alitoa pato la siku nzima ili asogee mbele watu ishirini, afike dirishani, ataje jina lake.

Kwa hiyo, Mwalimu, mwandikie mdogo wako. Usimuulize amepata kiasi gani.